Mama yake yuko wapi?

Wadau, samahani kwa ukimya wa wiki mbili. Sikuwa safarini, wala sijafukuzwa kazi. Nilikuwa nauguza mbwa.

Najua kuna waliokwishaanza kucheka. Hata mimi nimekulia kijijini Rungwe, ambako mbwa hulala nje, hula makombo, na akiumwa hupona mwenyewe au ndiyo basi. Lakini hapa Mbeya naishi na dada yangu, Soweto, na binti yake wa miaka saba alikuwa ameona kwenye televisheni vile vimbwa vidogo vyeupe vya manyoya marefu, Maltese. Nikamwahidi. Mjomba akishaahidi, hakuna rufaa.

Rafiki akanipa namba ya dalali wa Iringa. Ikaja picha, mbwa juu ya blanketi jekundu, bei laki tatu. "Bosi, huyu ana miezi miwili, kashachanjwa mara mbili. Ni mdogo hivyo hivyo, hakui." Nikatuma hela kwa simu. Mbwa akapakiwa kwenye basi ndani ya boksi la sabuni, zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako. Utani wa Wahehe na mbwa mnaujua. Ofisini wakaniambia nishukuru katoka huko mzima.

Ilikuwa Ijumaa, Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai haina adabu. Nilimpokea Uyole saa mbili usiku akitetemeka. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya chanjo yenye muhuri usiosomeka. Binti akamwita Simba. Alikuwa anaenea kwenye kofia yangu.

Jumapili Simba alishinda akifukuza soksi. Jumatatu hakugusa chakula. Mchana akatapika povu la njano, usiku akaanza kuharisha damu, kwa harufu ambayo sitaieleza hapa kwa sababu wengine mnasoma mkiwa mnakula.

Daktari wa mifugo hakuitazama karatasi yangu kwanza. Alimfungua mbwa mdomo, akapitisha kidole nyuma. "Magego hayajamaliza kutoka. Huyu hana miezi miwili. Wiki tano, labda sita." Kisha akaniuliza, "Mama yake umemwona?"

Nikasema nimenunua kwa dalali.

"Kwa hiyo hujamwona."

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyekwishaeleza mara nyingi. Chanjo ya kwanza ya pavo hutolewa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Akichanjwa mapema sana, kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuizima chanjo. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hukaa mwilini siku tatu hadi saba kabla ya kujionyesha, kwa hiyo Simba alikuja nao, au aliupata njiani. Na ule udogo niliolipia haukuwa wa mbegu, ulikuwa wa umri. Aliachishwa ziwa mapema ili picha ipendeze.

Kirusi cha pavo hakina dawa ya kukiua. Mbwa hutundikiwa maji, hupewa dawa ya kuzuia kutapika na ya kuzuia bakteria, halafu mnasubiri mwili wake. Watoto wa mbwa wadogo kama hivyo sukari yao hushuka haraka, basi kila baada ya saa moja nilimpaka glukosi kwenye fizi, na chupa ya maji ya moto ubavuni. Usiku mara nne. Ijumaa alfajiri akafa mkononi mwangu. Binti aliuliza kama ni kwa sababu alimwogesha. Hilo swali bado linanisumbua kuliko laki tatu.

Mimi nalipwa kuuliza maswali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nimewahi hata kuiandikia habari. Lakini kwa dalali sikuuliza lolote zaidi ya "mwisho ngapi?"

Nilipompigia alisema, "Pole sana bosi, ni mipango ya Mungu." Jioni akanitumia picha ya mwingine, mdogo zaidi, juu ya blanketi lile lile jekundu. Nikamwandikia: mama yake yuko wapi? Mpaka leo hajajibu.

Kilichobaki ni uwanja. Kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Sakafu tumeisugua kwa jiki, lakini udongo huwezi kuusugua, na jirani yetu ana jike koko aliyezaa watoto watatu wanaopita chini ya uzio kila asubuhi. Jana nilikwenda kumwambia awafungie na awapeleke chanjo. Alinitazama sana, akauliza kila mmoja ni shilingi ngapi. Nimemwambia nitalipia mimi. Jumamosi tunakwenda, nikipata mshahara.