Gari ya babu ni ya mwaka gani?

Test zimeisha, bumu bado (hilo tuliache kwanza). Leo nina swali moja tu: gari huwa ni ya mwaka gani? Mwaka ilipotoka kiwandani, mwaka ilioandikwa kwenye kadi, au mwaka anaousema dalali? Msicheke. Jibu lake lina hela ya bibi yangu ndani yake, ndiyo maana wiki mbili zilizopita mlikuwa mnanikuta maktaba nasoma habari za Datsun wakati wenzangu mnadesa.

Gari yenyewe ni Datsun 240Z. Milango miwili, siti mbili, boneti ndefu mpaka unajiuliza dereva anaonaje mbele. Nissan waliionyesha Japani Oktoba 1969, na kule kwao iliitwa Fairlady Z. Aliyeipigania iuzwe Marekani ni mzee mmoja anaitwa Yutaka Katayama, mkubwa wa Nissan kule. Hilo jina la Fairlady hakulitaka kabisa, akaona nani atanunua gari ya spoti yenye jina la kibibi, akaweka 240Z. Huyu mzee alifariki 2015 akiwa na miaka 105, jamani!

Maana ya 240 ni injini ya lita 2.4, silinda sita kwenye mstari mmoja. Bei yake Marekani ilianzia dola 3,526, na kwa gari ya spoti ya silinda sita hiyo ilikuwa bei ya kutupa. Wajapani wenyewe mwanzoni waliuziwa ya lita 2.0, manake kodi yao ilikuwa inapanda ukivuka hapo. Kulikuwa na moja ya pekee sana inaitwa Z432: valvu nne kila silinda, kabureta tatu, kemshafti mbili. Zilitoka mia nne na kitu tu.

Sasa tuje kwenye miaka, maana hapa ndipo penye mambo.

Zile za kwanza kabisa, mpaka mwanzoni mwa 1971, utazijua kwa nyuma: matundu ya kutolea hewa yapo kwenye mlango wa buti. Baada ya hapo yakahamishiwa ubavuni, nyuma ya dirisha, yakafunikwa na nembo ya duara yenye herufi Z. Zile za 1973 za Marekani zilifungwa kabureta mpya kwa ajili ya sheria za moshi, na watu walizichukia kwelikweli. Injini ikipata moto, petroli inachemka humohumo na gari inakohoa. Wengi walizing'oa wakarudisha za zamani. 1974 ikaja 260Z, injini ya lita 2.6, na safari hii kukawa na ya siti nne pia. 1975 Marekani wakapewa 280Z isiyo na kabureta kabisa, petroli inapulizwa kwa mfumo wa umeme. Kwingine 260Z iliendelea. Mwaka 1978 wote wakafunga ukurasa.

Ukifuatilia hivyo unagundua kitu. Kila toleo jipya injini ilikua, lakini na gari nayo ilinenepa. Ya kwanza ilikuwa na kilo elfu moja na kidogo tu. 280Z, na mabampa yale makubwa ya sheria za Marekani, ilikaribia kilo 1,300. Ndiyo maana leo anayetafuta anatafuta 240, tena zile za mwanzo. Januari 2020 moja iliuzwa kwenye mnada Marekani kwa dola 310,000. Hiyo ilikuwa haijatembea sana na imetunzwa kama yai, lakini hata hivyo...

Na sisi huku tumo kwenye hadithi hii, tena si kwa mbali. Mashindano ya East African Safari miaka ile yalikuwa ya nchi zetu zote, Kenya, Uganda na Tanzania, ndiyo baadaye yakabaki Kenya peke yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta, naye na 240Z. Huyu Mehta ni mzaliwa wa Kampala. 1972 Amin alipowafukuza Waasia akahamia Kenya na familia yake, na 1973 akarudi kushinda yeye mwenyewe, na gari hiyohiyo. Alifungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ushindi akapewa Mehta. Tope, vumbi, mawe, mito. Gari iliyoundwa kwa barabara za lami za Marekani ikaja kupata jina kwenye udongo wetu.

Babu yangu (Mungu amrehemu) alinunua ya kwake 1976, mtumba, kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anahama nchi. Ipo Machame, nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, na kuku wanatagia kwenye siti ya abiria. Likizo hii akaja dalali na milioni mbili na nusu mkononi. Bibi akataka kukubali, manake binamu yangu anaanza chuo cha ualimu na ada haijulikani itatoka wapi.

Dalali akafungua boneti, akasugua injini na kitambaa, ikatokea L26. "Bibi, hii si 240. Hii ni 260 ya mwaka 75, haina soko. Nakusaidia tu." Kadi nayo haikusaidia: ni ile ya zamani, imeandikwa 197 halafu tarakimu ya mwisho imeliwa na mende.

Mimi nikakumbuka babu alikuwa akisimulia kwamba injini ya kwanza ilikufa, fundi wa Moshi akamtafutia nyingine. Injini za L zote ni ndugu, ya 260 inakaa kwenye 240 bila kelele nyingi. Kwa hiyo injini inaweza kudanganya. Kinachobaki ni namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. 260Z za usukani wa kulia zinaanza na RS30, 240Z zinaanza na HS30. Nikachukua brashi ya waya na mafuta ya taa, nikasugua nusu saa.

H. S. 3. 0.

Dalali akasema hiyo ni namba tu. Bibi akamwangalia, akamwambia polepole, "Mwanangu, wewe ulisema chuma hakidanganyi. Hiki nacho si chuma?" Jamaa akaaga, hata chai hakumaliza.

Tusidanganyane lakini. Sakafu imeliwa na kutu, kioo cha nyuma hakipo, na nembo ya Z ya ubavuni imebaki upande mmoja. Hiyo nembo ndiyo inaniambia ni ya kati ya 1971 na 1973, siwezi kubana zaidi ya hapo. Namba ya chesisi hailipi ada, na ya binamu bado inasubiri. Bibi kasema atauza, ila atauza kitu anachokijua jina lake.

Mimi nimetoka na hili: mzee akifa, watu wanakuja haraka sana kukwambia alichokiacha ni nini na kina thamani gani. Wanajua hujui. Iwe gari, shamba au cherehani, kabla ya kusema ndiyo, kasugue kwanza uone kumeandikwa nini.

Kama kuna mdau anayemjua mtu wa kununua magari ya zamani kwa haki, aniachie ujumbe hapo chini. Na wale wa uhandisi mnaojifanya mnajua kila kitu, njooni mniambie: ile L26 niiache humo au nitafute L24?

Nawasilisha.