Maji ya Mvita Yana Kwao

Jumamosi alfajiri, watu wakiwa bado wanatoka Msikiti wa Mandhry, mikokoteni ya maji huanza kuteremka Ndia Kuu, hapa kisiwani Mombasa, ambako sisi twapaita Mvita. Mitungi ya plastiki ya lita 20 imepangwa safu mbili, kila mmoja kinywa kimezibwa kwa kipande cha nailoni. Muuza maji hagongi mlango. Hutegemeza mpini pajani, akapaza sauti, na dirisha la juu likafunguka. "Mitatu, mwanangu, na iwe ya kunywa, si ya kisima!" Visima kisiwani vipo, lakini maji ya vingi yana chumvi: ni ya kufulia na kupigia deki. Chai ya maji yale mgeni ataimaliza kwa adabu tu.

Jumamosi moja tulikuwa tukienda kupiga kambi Shimba Hills. Gari letu tuliliacha karibu na Ngome ya Yesu, kwa sababu vichochoro vya Kibokoni havipitishi zaidi ya pikipiki na paka. Wenzangu walikuwa seremala wa milango ya nakshi, mwalimu wa shule ya msingi, na binamu wa mwalimu huyo, ambaye ndiye aliyekuwa na leseni. Tulipita na hema mabegani mbele ya baraza la bibi mmoja aliyekuwa akitoa mahamri kwenye karai. Alitutazama mpaka tukaona haya.

"Mwaenda kulala msituni, na nyumba mwazo?"

"Matembezi tu, bibi."

"Haya. Basi tukueni mahamri, mbaazi mtajua wenyewe."

Ngome yenyewe ina kisa chake cha maji. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, wakachimba humo kisima kirefu kisha wakakuta maji yake ni ya chumvi. Ndani mna pia birika la kukingia mvua. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kisiwa hiki kimezungukwa na maji pande zote, na tangu hapo kinatafuta ya kunywa.

Kwenye kivuko cha Likoni tulikuta foleni ya magari imeshafika mbali. Waendao kwa miguu hawalipi feri, na asubuhi ile walikuwa bahari ya pili: mama na matenga ya nyanya, fundi na ngazi yake, watoto wa madrasa, kijana na baiskeli yenye kuku. Feri ilipokaribia kung'oa nanga, ikasimama kupisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia Kilindini. Hakuna aliyelalamika. Bandari ndiyo inayolisha mji, basi mji husimama ipite.

Ng'ambo ya pili barabara inapita Ng'ombeni na Waa, minazi na mikorosho huku na huku, mpaka Kombani. Hapo ukikata kulia unaipa bahari kisogo. Golini gari linaanza kupanda, dereva anarudisha gia, na upepo unaoingia dirishani unabadilika: hauna tena chumvi wala joto la lami. Mji wa Kwale uko zaidi ya mita 350 juu ya usawa wa bahari, na hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, inaanza pale pale mji unapoishia. Kutoka kisiwani ni kama kilomita 33. Seremala, aliyezaliwa na kukulia Mombasa, alikuwa hajawahi kufika. "Mimi Dubai nimekwenda," alisema, na sote tukacheka kwa kuwa hakuwa peke yake.

Kwenda kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick ni lazima ufuatane na askari wa shirika la wanyamapori, KWS, mwenye bunduki. Wetu alikuwa kijana wa Kidigo, mpole, asiyependa kelele. Njia inateremka kwenye nyasi, kisha inaingia msituni, na hapo utelezi wa udongo mwekundu unakuvua majivuno yote ya viatu vipya. Alisimama mara moja, akapapasa kinyesi cha ndovu kwa nyuma ya mkono. Bado kilikuwa na uvuguvugu. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za majani na mbegu nzima nzima. "Yuapanda msitu akitembea," akatuambia, na akatungojesha kimya kitambo kabla ya kuendelea.

Ndovu wa Shimba walizidi nafasi yao. Mwaka 2005 Serikali ilihamisha kiasi cha 150 hadi Tsavo Mashariki. Upande wa kaskazini, wenyeji wa Mwaluganje walikuwa wamekwisha kutoa mashamba yao katika miaka ya 1990 ili wanyama wapate njia, na wao wapate fungu la mapato ya watalii.

Maporomoko yenyewe ni ya mita 21. Mwalimu alijifunga kikoi akajitosa bwawani, akaibuka anahema, meno yanagongana. Seremala alichota kwa kiganja, akaonja, akanyamaza, akachota tena. "Haya hayana hata harufu ya bomba."

Jioni, kwenye uwanda wa nyasi, tulimwona palahala dume: mweusi ti, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma hadi karibu kugusa mgongo. Kenya nzima, palahala wa mwituni wamebaki humu tu. Alitutazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi, kisha akaendelea kula.

Kambini tuliwasha jiko la mkaa, tukachoma mishkaki, tukapika kahawa chungu kwa tangawizi. Askari alituonya tufungie chakula garini, maana nyani wa hapa wanajua kufungua zipu. Ukungu ulishuka mapema. Watu tuliozoea kulala na feni tulilala na masweta, na usiku kucha matawi yakavunjika mbali, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Lakini mazungumzo ya jiko ndiyo niliyotoka nayo. Ndani ya hifadhi hii, alieleza askari, iko chemchemi ya Marere, na bomba lake linapeleka maji Mombasa tangu enzi za ukoloni. Pamoja na Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vya Tiwi, ndivyo vyanzo vinavyounywesha mji. Hakuna hata kimoja kilicho kisiwani. Na sasa bwawa kubwa la Mwache linajengwa Kwale hii hii. "Bomba lapita kwetu," alisema bila hasira, "na mama zetu wabeba ndoo." Seremala alitaka kujibu, akakosa la kusema.

Jumapili tulirudi kwa barabara ya Dongo Kundu, tukavuka daraja la Mteza lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu, bila foleni wala honi. Njiani mwalimu alikuwa akipiga hesabu za basi, kiingilio na chakula cha darasa zima. Shule zetu hupeleka watoto Ngome ya Yesu kila mwaka, na ni vyema wajue waliotuzingira na waliotutawala. Safari ya pili iwe ya Marere. Mtoto wa Mvita aone maji yake yanatoka kwa nani, kabla hajazoea kulalamika kwamba yamekatika.