Pima Kwanza: Bwawa Chini ya Wanale

Aingiaye Tarafa ya Viwanda, jijini Mbale, hulakiwa na mlima Wanale uliosimama kama mlinzi wa zamu. Wenyeji hawajasahau Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, ikaua watu na kuvunja mabomba. Maji yalijaa njiani, ya kunywa yakawa adimu. Mji ulioonja hayo hauyachezei maji.

Nilifika kwenye bwawa moja la kuogelea ambalo klorini yake hutengenezwa papo hapo, umeme ukipita katika maji ya chumvi. Siku hiyo maji yalikuwa yameanza ukijani, na watoto wangoja kuingia. Kijana mhudumu akanyanyua gunia la chumvi. Fundi mzee akamzuia: "Mwanangu, pima kwanza."

Kipimo kikaonyesha gramu 3 na zaidi kwa lita, chumvi ilitosha. Akazima umeme, akafungua chombo: mabamba yamegandwa na chokaa. Akayaloweka katika siki, wala hakuyakwangua kwa chuma, maana ngozi yake nyembamba ndiyo izaayo klorini. Watoto wakaambiwa warudi siku nyingine, klorini ikishapimwa.

Ndugu msomaji, kabla ya kuongeza dawa, ujue ugonjwa.