Ndugu wawili wa Elkmont

Huntsville, Alabama

Mjomba, uliniuliza watu wa huku kusini mwa Marekani wanasikiliza muziki gani. Wanasikiliza mwingi, lakini nitakusimulia juu ya ndugu wawili tu, Alton na Rabon Delmore, kwa sababu wewe uliyepiga gitaa la ridhimu hapo Morogoro kwa miaka mingi utawaelewa upesi.

Walizaliwa Elkmont, kijimji kisicho mbali na hapa, Alton mwaka 1908 na Rabon 1916. Wazazi wao walilima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Mama yao, Mollie, alitunga nyimbo za dini. Makanisa ya huku yalifundisha watu kuimba kwa noti zenye vichwa vya maumbo mbalimbali, pembetatu, mraba, duara, kila umbo na sauti yake, ili hata mkulima aweze kushika sauti ya pili. Sisi tuliokulia kwenye kwaya za do-re-mi tunaujua utamu huo.

Mwaka 1933 waliingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio WSM ya Nashville, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imepata mtambo wa wati 50,000. Waimbaji wa zamani walizoea kupaaza sauti ili aliyeketi nyuma ya ukumbi naye asikie. Akina Delmore walisogelea maikrofoni wakaimba kwa upole, kama watu wanaoongea na mgeni aliyekaa nao mezani. Upole huo ndio unaowafanya watu wawapende hadi leo, na kwangu mimi hakuna waimbaji wawili wa muziki wa kantri waliowafikia, hata wale maarufu zaidi waliokuja baadaye.

Oktoba iliyopita nilikwenda Athens, mji wa jirani, kwenye mashindano ya wapiga fidla yanayofanyika katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Athens State tangu 1967. Wapenzi wa akina Delmore hawakai sana jukwaani, utawakuta chini ya miti wakipigiana wenyewe. Nilisimama karibu na wazee wawili. Mmoja alikuwa na gitaa la kawaida la nyuzi sita, kama lile la Alton. Mwenzake alikuwa na gitaa la teno, dogo, lenye nyuzi nne tu, kama lile la Rabon. Huyu wa pili aliponiona nimekodolea macho vidole vyake, alirudia kipande kilekile polepole. Mjomba, ungefurahi! Mwenye nyuzi sita anatembeza besi kutoka kordi moja hadi nyingine, na mwenye nyuzi nne anasubiri. Sauti zinapopumua tu, yeye anachomoza juu na vinoti vya haraka, kisha anarudi chini kabla mstari unaofuata haujaanza. Hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Kwenye kuimba, wanachosifia zaidi wapenzi wa akina Delmore ni kupokezana. Aliyekuwa juu anashuka katikati ya wimbo, aliyekuwa chini anapanda, na msikilizaji hajui wamepishana wapi. Nadhani ni watu waliolala chumba kimoja tangu utotoni tu wanaoweza kufanya hivyo bila kutazamana.

Wimbo wao "Brown's Ferry Blues", waliourekodi 1933, umebeba jina la kivuko cha mto Tennessee katika wilaya yao. Siku hizi ukilitaja jina hilo huku, wengi watafikiri unazungumzia kinu cha umeme wa nyuklia kilichojengwa hapo ukingoni. Mwaka 1949 walitoa "Blues Stay Away from Me", ukafika namba moja kwenye chati ya kantri. Mmoja wa watunzi wanne wa wimbo huo ni Henry Glover, mtu mweusi aliyekuwa akisimamia kurekodi katika kampuni ya King ya Cincinnati, na huo ulikuwa wakati ambapo sheria za Alabama ziliwatenga weusi na weupe karibu kila mahali. Kila ninaposikia mtu akisema kantri haituhusu sisi weusi, humtajia jina la Glover.

Rabon alifariki kwa saratani Desemba 1952, siku moja baada ya kutimiza miaka 36. Alton alimfuata 1964. Heshima ya kuingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa Muziki wa Kantri ilikuja 2001, ikiwa imechelewa mno.

Mwambie binamu akutafutie kwenye simu nyimbo zao za miaka ya 1930. Mara ya kwanza fuata gitaa dogo peke yake. Mara ya pili fuata sauti ya chini, kisha uniandikie ukiwa umekamata mahali sauti zinapopishana.