SIKU MBILI MOMBASA KWA FEDHA CHACHE

Mfanyakazi wa Nairobi asiyepata kuiona bahari huitamani Mombasa kwa miaka mingi, lakini hujizuia kwa kuhofia gharama. Hofu hiyo ina sababu. Wako walioteremka pwani siku ya Ijumaa wakiwa na fedha za kutosha, na ilipofika Jumapili wakawa wanapiga simu nyumbani kuomba nauli ya kurudi. Wako wengine ambao hawakuomba nauli, bali walikaa kwa jamaa yao mpaka mchele wa mwezi mzima ukamalizika katika nyumba ya watu. Wote hao hurudi wakisema kwamba Mombasa ni ghali. Kilichowaponza si mji, bali ni kwenda bila hesabu.

Nauli ya Kurudi Kwanza

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida katika gari la moshi, kutoka Nairobi hadi Mombasa, ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwa kima hicho, mume na mke hutumia shilingi 6,000 kwenda na kurudi, kabla hawajala wala kulala. Yafaa tiketi ya kurudi inunuliwe pamoja na ile ya kwenda, tena mapema, maana nyakati za Pasaka na Krismasi abiria huwa wengi mno. Ikumbukwe pia kwamba reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2017, haifiki kisiwani. Kituo chake kiko Miritini, na abiria huingia mjini kwa matatu. Nauli ndogo za namna hiyo ndizo husahauliwa na watu, nazo ndizo huutoboa mfuko.

Malazi na Mwenyeji

Mwenye jamaa Mombasa hudhani kwamba malazi yake ni ya bure. Lakini jamaa huyo huenda anaishi na watoto wake katika chumba kimoja huko Changamwe au Likoni, na maji anayanunua kwa mtungi. Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Tena walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa hiyo mgeni mwenye adabu hupeleka habari mapema, hungoja jibu, na hufika na kitu mkononi: majani ya chai, maharagwe au viazi vya bara. Akishafika, hununua samaki wa chakula cha jioni bila kungoja kuambiwa. Bei ya vitu hivyo na iandikwe katika hesabu ya safari pamoja na nauli.

Asiye na jamaa atapata nyumba za wageni za bei nafuu humo kisiwani. Akione chumba kabla ya kulipa, aufungue mfereji aone kama maji yanatoka, na akikague chandarua. Hili la chandarua si dogo, kwa sababu pwani kuna malaria, na mtu aliyekulia nyanda za juu hushikwa upesi.

Mambo ya Kuona

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, yafaa kuanza na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Waingereza nao waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Raia wa Kenya hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni wa kutoka nje, basi kitambulisho kisisahauliwe nyumbani.

Kando ya ngome ndipo uanzapo Mji wa Kale, na kuutembea hakuna malipo. Njia ni nyembamba, milango ina nakshi, na roshani za mbao zimetokeza juu ya vichwa vya wapitao. Huko ni makao ya watu. Mgeni na avae nguo za heshima, awatolee watu salamu, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Siku ya Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala.

Mchana msafiri aende Likoni. Mtu wa miguu havushwi kwa nauli katika feri, kwa hiyo asiye na fedha za kukodi mashua aweza kuvuka ule mlango wa bahari na kurudi, huku akiziona meli zinazoingia bandari ya Kilindini. Jioni watu hukusanyika katika barabara ya Mama Ngina kupunga upepo, kunywa madafu na kula muhogo wenye pilipili na ndimu. Asubuhi yake, mahamri na mbaazi za nazi humshibisha mtu kwa fedha kidogo. Kila mahali, bei na iulizwe kabla ya kuketi.

Jumapili asubuhi yafaa kwenda Bamburi, katika ufuo wa umma unaoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Bahari hupwa na kujaa, basi wenyeji waulizwe saa za maji kabla ya kuoga, na watoto wasiachwe peke yao hata kidogo. Kabla ya saa sita ni vema kurudi, ili msafiri aoge, afunge mzigo, na kumuaga mwenyeji wake bila haraka.

Anayesafiri hivyo atafika kwake Jumapili usiku akiwa na nauli ya kwendea kazini Jumatatu. Na siku atakapopeleka tena habari kwamba anakuja, jamaa yake wa Changamwe atafurahi kuipata.