Safari ya Baiskeli hadi Nyarugusu

Ndugu msomaji, bila shaka unayo baiskeli, au jirani yako anayo. Hapa kwetu Shinyanga baiskeli inabeba maji, inabeba pamba, inampeleka mgonjwa zahanati. Hata bibi harusi amewahi kupanda keria. Lakini kuwa na baiskeli ni jambo moja, na kuijua njia ni jambo lingine. Nataka kukueleza safari niliyoifanya mwezi wa Januari mwaka 1998. Nilitoka kijijini kwetu, karibu na Tinde, nikaenda hadi machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita. Wakati huo Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilifanywa mkoa mwaka 2012.

Sababu ya safari ilikuwa mama. Alikuwa mgonjwa tangu Oktoba. Kila jioni alimtaja mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa ameondoka nyumbani miaka mitatu kabla ya hapo kwenda kuchimba dhahabu. Tulimtumia habari kwa watu wawili, lakini hatukupata jibu. Ndipo mama akaniambia, "Mwanangu, nenda ukamlete." Mvua za mwaka ule, zile zilizoitwa El Nino, zilikuwa zimeharibu barabara nyingi na mabasi yalikwama. Nikaitazama baiskeli yangu. Ilikuwa Phoenix ya Kichina, niliyoinunua kwa fedha za pamba.

Kwanza nilikwenda kwa mwalimu wa kisomo chetu. Aliniandikia majina ya mahali kwa kufuata mpango wa njia: Isaka, Kahama, Kakola, Nyarugusu. Aliandika kwa penseli. Nilimwuliza kwa nini hatumii kalamu ya wino. Akasema wino hukimbia ukilowa, penseli haikimbii. Nilikumbuka maneno hayo siku ya pili, karatasi ilipolowa mfukoni na maandishi bado yakasomeka. Pili, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akanipa barua ya kunitambulisha. Nilifunga kwenye keria pampu, spana, viraka, gundi, unga kidogo na blanketi.

Sasa nikueleze habari za udongo, maana hapo ndipo wasafiri wengi hushindwa. Udongo wa mbugani ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na gurudumu jembamba huweza kuingia humo. Wakati wa mvua hugeuka kama ugali. Hushika tairi, hujaa ndani ya madigadi, na baada ya hatua chache gurudumu haligeuki tena. Nilisukuma, nikachokoa kwa kijiti, nikasukuma tena. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alinicheka, kisha akaja kunisaidia. Akasema, "Toa hizo madigadi, kijana. Afadhali uchafuke mgongo kuliko ulale hapa." Nilizitoa, nikazifunga juu ya mzigo. Kweli nilichafuka hadi kisogoni, lakini nilikwenda.

Mzee yule alinionyesha pia njia ya kupita kando ya ngitiri. Ngitiri, kama ujuavyo, ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani na miti viote, halafu mifugo huingizwa wakati wa kiangazi. Wazee wetu walikuwa nazo tangu zamani, lakini nyingi zilipotea na nchi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, na watu wakaanza kuzirudisha. Mimi nilijua faida yake kwa ng'ombe. Siku ile nilijua faida yake kwa baiskeli: pale penye majani mizizi imeushika udongo, na njia ni ngumu. Hasara yake ni miiba ya migunga. Nilitobolewa mara mbili kabla ya Isaka. Mara ya pili gundi ilikuwa imelowa. Nikaukunja mpira wa ndani mahali palipotoboka, nikaufunga fundo kwa kamba, nikajaza upepo. Gurudumu lilidunda kama mtu mwenye kigugumizi, lakini lilinifikisha.

Huko Uingereza kuna watu wanaoiacha barabara ya lami kwa makusudi. Siku za mapumziko huendesha baiskeli vilimani na misituni, kwenye njia za changarawe na matope, kwa kujiburudisha tu. Baiskeli zao zina matairi mapana na gia nyingi. Siwacheki. Nimepita njia za namna hiyo kwa shida, na hata hivyo asubuhi moja, nilipoingia miombo kaskazini ya Kahama, ndege wakilia na changarawe nyekundu ikisaga chini ya tairi, nilijikuta nikipiga mluzi. Kisha nikamkumbuka mama, nikanyamaza.

Njia ya changarawe ni nzuri kuliko zote, ila mteremkoni usivunje breki ya mbele kwa ghafula, maana utaruka juu ya usukani. Penye mchanga, punguza upepo kidogo, tazama mbali, wala usikate kona. Na barabara iliyojikunja kama bati kwa sababu ya malori, iache. Pita ukingoni, au fuata njia ya ng'ombe iliyo kando.

Kuhusu kuuliza njia, nilijifunza kwa kuchelewa. Ukiuliza, "Ni mbali?" utaambiwa, "Hapo tu." Hiyo "hapo tu" inaweza kukumaliza nusu siku. Uliza hivi: "Nikienda kwa baiskeli, nitafika jua likiwa wapi?" Mtu atanyosha mkono angani akuonyeshe. Hapo utajua kama utafika mchana au utafute pa kulala.

Usiku wa pili nilisimamishwa na sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilianza katika sehemu zetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na halikumpenda mgeni anayetembea gizani. Walinizunguka wakiwa na pinde na mishale. Nikatoa barua ya mwenyekiti. Kijana mmoja aliisoma kwa sauti kwenye mwanga wa tochi. Waliposikia habari za mama walibadilika. Walinipeleka kwa mama mmoja mzee, nikamwamkia, naye akanipa viazi na mahali pa kulala.

Siku ya tatu nilipita Kakola, nikaiacha njia ya Geita mjini, nikaelekea magharibi. Nchi ya huko ina vilima na udongo mwekundu, na watu wameichimba tangu zamani. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo, na hata leo, wachimbaji wadogo wamechimba kwa sululu na tindo. Mashimo yao huyaita maduara. Duara likiisha dhahabu huachwa, na majani huota mdomoni.

Hilo sikulijua. Nilikuwa na haraka. Mchana nilionyeshwa jua la magharibi, nami giza lilinikuta bado njiani. Nikawasha taa ya dainamo. Ndugu msomaji, ikiwa una taa hiyo unajua tabia yake: gurudumu likienda mbio inawaka sana, likienda polepole inafifia. Kwa hiyo mahali pabaya, unapopunguza mwendo ili uone vizuri, ndipo inapokunyima mwanga. Mimi nikafanya kinyume cha busara. Nikakanyaga kwa nguvu ili nione.

Gurudumu la mbele lilizama. Nilirushwa upande, kifua kikagonga ukingo, miguu ikaning'inia penye utupu. Baiskeli ilikuwa imekaa juu ya mdomo wa duara, nami nimeishika kwa mkono mmoja. Nilisikia mawe yakianguka chini, kisha maji. Nikapiga kelele. Sijui ni muda gani. Walikuja watu watatu wenye kamba na kurunzi, wakanivuta. Mmoja alisema, "Kumbe una bahati. Hilo linazidi urefu wa mnazi."

Asubuhi waliniuliza namtafuta nani. Nilipotaja jina la ukoo wetu walitazamana, wakacheka. Mdogo wangu alikuwa akiponda mawe kwenye kambi ya pili kutoka pale.

Alikuwa amekonda, mikono imepasuka. Alinishika miguu, kisha akakaa chini. "Kaka, nitarudije mikono mitupu? Miaka mitatu!" Habari zetu zilikuwa zimemfikia zote mbili, na aibu ndiyo iliyomzuia kujibu. Nikamwambia mama hakuniagiza dhahabu. Hakusema neno. Aliichukua baiskeli akampelekea mhunzi wa kambini, yule anayenoa tindo. Uma unaoshika gurudumu la mbele ulikuwa umepinda. Mhunzi aliuweka motoni, akaunyosha kwa nyundo, akakataa malipo.

Tulirudi kwa siku nne, mmoja akiendesha na mwingine kwenye keria, kwa zamu. Vilimani tulisukuma wote. Safari hii hatukutembea usiku hata mara moja.

Tulimkuta mama amelala kivulini mbele ya nyumba. Alimgusa mdogo wangu uso mzima, kama mtu anayesoma kwa vidole. Aliishi siku kumi na tisa zaidi. Siku hizo zote mdogo wangu ndiye aliyemnywesha uji.

Hakurudi machimboni. Kwa miaka mingi alibeba abiria kwa baiskeli mjini Shinyanga, mpaka pikipiki zilipowachukua wateja. Phoenix yangu ninayo bado. Kwenye ule uma utaona alama za nyundo, na ukiachia usukani inakwenda kushoto. Nimeizoea.