Safari ya Watoto wa Chuo Kwenda Unguja

Tangu zamani watu wa pwani hii hawakuihesabu bahari kuwa ukuta, bali waliihesabu kuwa njia. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu, na elimu yake ikaenea kutoka Unguja mpaka alipofariki mwaka 1925. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alivuka akasoma kwake na kwa Sayyid Ahmad bin Sumait. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, alikuja huku kwetu akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968. Basi tulipotoa shauri kwamba watoto wa chuo chetu cha hapa Mombasa, wenye miaka 9 hadi 12, wapelekwe Unguja wakati wa likizo ya mwaka 2023, tulikuwa twafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wakubwa wetu. Lakini hao walikwenda wakiwa watu wazima, na hawa ni watoto. Na wazazi tuliowakusanya baada ya sala ya Ijumaa hawakuchelewa kutukumbusha.

Ikhtilafu zao zilikuwa tatu: bahari, mali, na yale watakayoyaona watoto. Twazieleza moja moja, kwani vyuo na skuli nyingi zina azma kama hii, na huenda khabari yetu ikawafaa.

Katika jambo la bahari, mtu wa Mombasa hahitaji kuhadithiwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hapa hapa kwetu, wakafa watu zaidi ya 270. Tarehe 10 Septemba 2011 ikazama Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Baba mmoja alisimama akasema, "Maalim, mtoto huyu ni amana. Nikiulizwa khabari yake nitajibu nini?" Mwenzake akamjibu kwamba ajali ni kadari, na kwamba hata barabarani watu hufa. Neno hilo ni kweli, lakini hatukuridhia litumike kumnyamazisha mzazi mwenye khofu. Maana kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake.

Aliyetufungulia mlango ni babu wa mmoja wa wanafunzi, mzee aliyefanya kazi ya ubaharia. Alisema, "Nyinyi mwataka kwenda Agosti, na Agosti ni kusi. Hiyo Skagit ilizama katika kusi. Ngojeni mwanzo wa Desemba, kusi imekwisha na kaskazi haijapata nguvu." Safari ikasogezwa. Tukawekeana sharti kwamba tutavuka mchana tu, kwamba chombo tukikiona kimejaa kupita kiasi tutarudi hata kama tumekwisha kulipa, na kwamba kila watoto watatu watakuwa na mtu mzima wao, na wasichana watafuatana na mama zao au shangazi zao.

Jambo la mali lilikuwa zito zaidi. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Maalim, mimi nina watatu hapa chuoni. Nikimtoa mmoja, wale wawili nitawaambia nini?" Wengine wakasema kwamba fedha hizo zingetosha kununua mikeka na misahafu. Hapo tuliifumua hesabu yote upya. Siku tano za Unguja zikawa tatu. Hoteli ikaondolewa, tukaomba kulala katika chuo cha wenzetu wa huko. Fedha zikatolewa kidogo kidogo kila wiki, na wenye uwezo wakawalipia mayatima na maskini kwa siri, hata sisi waalimu wengine hatukujua nani amelipiwa na nani amejilipia. Pamoja na hayo yote, yule mama hakumtoa hata mmoja, wala hatukumshurutisha. Alikuwa na haki yake.

Jambo la tatu ndilo lililopandisha sauti. Katika orodha tulikuwa tumeandika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ambapo baadaye palijengwa kanisa. Mmoja akauliza, "Watoto wa chuo mwawapeleka uwanja wa kanisa?" Wa pili akasema kwamba mambo ya utumwa yamekwisha, kuyafukua ni kujitia aibu wenyewe. Ndipo akasimama mzee mmoja ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo. "Mama wa babu yangu aliletwa pwani kwa njia hiyo," alisema. "Kwenu nyinyi ni aibu. Kwangu mimi ni ukoo." Baraza ikanyamaza. Tukaafikiana kwamba hapana mtoto atakayeingia pasi na idhini ya mzazi wake, na wasioidhinishwa watangojea katika msikiti wa karibu.

Tulitoka watoto 24 na watu wazima 8. Tulivuka Likoni alfajiri, tukapita mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, ambapo vyeti vya kuzaliwa na barua za wazazi vilikaguliwa kimoja kimoja, kisha Tanga, Segera, Chalinze, mpaka Dar es Salaam tukalala. Asubuhi yake tulipanda boti, na baada ya kiasi cha saa mbili tukateremka bandari ya Malindi, Unguja. Watoto wawili walitapika. Waliobaki walitaka kurudi kupanda tena.

Wenyeji wetu walitupokea kwa hisani kubwa. Mtoto wetu mmoja alimwita mwenzake kwa Kimvita, "Ndoo!", na mtoto wa Kiunguja akamletea ndoo ya maji. Kicheko hicho kiliwafanya marafiki kuliko hotuba zote. Katika Mji Mkongwe walitazama milango ya nakshi, na Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, waliitazama kwa nje. Huko Kizimkazi Dimbani waliona msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe, ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kijana wetu aliyekwisha khitimu alijaribu kuyasoma asiweze, ingawa herufi ni zile zile za msahafu wake. Akauliza kama inawezekana kujifunza. Inawezekana.

Mkunazini waliingia watoto 19. Uwanjani mna sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hapana aliyecheka. Msichana mmoja akauliza, "Maalim, waliowauza walikuwa wakisali?" Tukamjibu kwamba ndiyo, miongoni mwa waliouza na walionunua walikuwamo waliosali, kama walivyokuwamo wa dini nyingine, na sala haikuifanya dhulma kuwa halali. Yule baba aliyekataza kufukua mambo ya kale alikuwa nasi katika wasimamizi. Alisikia swali na jawabu, wala hakututeta.

Tuliporudi, kwa usiku tatu baina ya Magharibi na Isha, waliosafiri waliwasomesha waliobaki. Walichora ramani ubaoni na kueleza yote waliyoyaona. Watoto watatu wa yule mama walikaa safu ya mbele, na mdogo wao ndiye aliyeuliza maswali mengi kupita wote.

Enyi wazazi na waalimu wenzetu! Kushauriana ni jambo lililosifiwa hata ikawamo sura nzima yenye jina hilo katika Kitabu chetu. Basi mzazi anayekataa safari asihesabiwe adui wa elimu. Asingekataa yule baba, tungevuka katika kusi. Asingesema yule mama, maskini wangebaki nyuma na kila mtu angejua sababu. Mwalimu mwenye azma ya safari na aanze kwa kumsikiliza mwenye kupinga kabla ya kukodi gari, wala asikusanye ada mpaka kwanza ajue nani hawezi kulipa. Na mzazi naye akiona mashaka yake yamejibiwa, amwachie mtoto akaone dunia aliyoumbiwa, yenye uzuri na yenye majonzi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, nchi kavu na baharini. Amin.